Mama ameacha dawa za sukari, anakunywa unga wa mbegu ya avokado. Nisaidieni

BintiKayole: Habari wadau. Mama ana sukari mwaka wa sita sasa, humeza metformin asubuhi na jioni. Mwezi jana akatumiwa video ya WhatsApp ati mbegu ya avokado inamaliza sukari, sasa anazianika kwa mabati, anasaga, kijiko kwa uji. Nilimwona akikwangua moja, ilikuwa nyeupe, dakika chache tu ikageuka rangi ya machungwa karibu nyekundu, akaniambia unaona, dawa yenyewe ndio hiyo inatoka. Jana nimefungua droo nikapata vidonge vya wiki mbili havijaguswa. Nimwambie aje bila tukosane?

NesiWaZamu: Pole sana dada. Mpime leo, na kesho mfike kliniki na huo unga mkononi wauone. Asimeze vidonge viwili viwili kufidia. Hiyo rangi ni hewa tu imekutana na kimeng'enya cha mbegu (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali), ni kama tofaa ukiliuma ukaliacha linakuwa kahawia. Polifenoli, zile kemikali za mimea zinazosifiwa, ziko kwa mbegu kweli, tena nyingi, lakini majaribio karibu yote ni ya maabara na panya, kipimo salama cha binadamu hakuna. Hata chama cha wakulima wa avokado California, ambao wangepata faida, wanasema watu wasile mbegu.

KevoMarikiti: Mi nauza matunda, na maganda pia chungeni. Ganda la embe huwasha watu wengine midomo, utomvu wake ni ndugu ya ule wa ganda la korosho. Na lazima uoshe vizuri, dawa za shamba hubaki hapo nje.

ShoshWaUmoja: Binti yangu, usimtukanie mbegu zake, ametafuta kupona. Mpe kitu cha kushika. Chungwa ale nzima na ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, asikamue juisi, hapo ndio kuna pektini, nyuzi laini za tunda, na hesperidini, polifenoli ya machungwa. Mbegu za malenge akaange kidogo bila chumvi. Hizo ni chakula, zinakaa sahani moja na dawa bila shida.

BintiKayole: Asanteni. Nimempima kabla ya chai, sukari ni 17.2, iko juu sana. Ameshika kimashine akakiangalia muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniambia nimletee vidonge na maji. Kliniki tunaenda kesho saa moja. Unga bado uko kwa mkebe, amekataa nimwage.