Tupeane uzoefu: kushea lokesheni na marafiki kwa simu

Mwanzisha mada
Wakuu, kundi letu la marafiki lina ubishi. Nusu wanataka tuwe tunaonana kwenye ramani muda wote, nusu wanasema huko ni kuvishana kengele kama mbuzi. Mimi huwasha nikitoka usiku, nikifika nazima. Mliotumia muda mrefu, tiririkeni. Nataka yaliyowakuta, siyo ya kusikia.

Zamu ya Usiku
Kazini natoka usiku wa manane. Dada yangu namtumia lokesheni laivu ya WhatsApp, hii iliyokuja 2017 yenye dakika 15, saa 1 au saa 8. Saa 1 hunitosha kufika. Siku moja gari likazima njiani, na mtandao wangu ukakata hapohapo. Simu yenyewe ilijua ilipo, maana GPS hupokea mawimbi ya setilaiti bila bando. Kumfikishia mwenzako ndiko kunakotaka mtandao. Dada akaona nukta imeganda, akampigia mfanyakazi mwenzangu niliyekuwa naye, mwenye laini nyingine. Kufika fundi, hatujamaliza hata kulaumiana. Kwa hilo mimi siachi.

Mkongwe
Nyie wa juzi. Sisi tulikuwa na Google Latitude tangu 2009, mpaka ilipofungwa 2013. Uzuri wake ungeweza kuonyesha mji tu, au ukajiwekea mahali kwa mkono. Mwenzetu mmoja alijiweka katikati ya bahari, kila akidaiwa hela anatuambia tumfuate.

Sitaji Jina
Mchumba aliniomba tuwashiane moja kwa moja, nikakubali. Ramani haikuwa na neno, maswali ndiyo yalinichosha. Ndani ya jengo setilaiti hazishikiki vizuri, simu inakisia kwa waifai na minara. Basi mimi nipo mezani kwangu ofisini, nukta inanionyesha ng'ambo ya barabara, baa. Kila siku baa! Nilieleza, nikapiga picha ya meza, wapi. Nikazima. Uchumba nao ulikufa baadaye, kwa mengine.

Mwanzisha mada
Pole mkuu. Lile duara hafifu linaloizunguka nukta lina maana yake: likiwa kubwa, simu yenyewe haina uhakika. Wivu hausomi duara.

Mzee wa Mkato
Chaji inaisha. Nimemaliza.

Msafiri
Tofautisheni lokesheni ya papo hapo, isiyohama hata ukihama, na laivu inayokufuata. Rafiki alinitumia ya kwanza kwenye tamasha, kisha akahama jukwaa. Nikafika pale pale alipoonyesha, nikasalimiana na watu nisiowajua.

Dada Mkubwa
Nyongeza kwa wa Google Maps: kuna chaguo la kushea mpaka uzime mwenyewe. Rafiki yangu alimwekea mtu wake hilo, wakaachana, na jamaa akaendelea kumwona anakohamia. Tuligundua tulipofungua orodha ya anaowashea. Ifungueni leo, hasa mliobadilisha wapenzi.

Zamu ya Usiku
Ndiyo maana napenda ya muda. Ukizima ghafla, mwenzako anaona imekwisha, simu inaita: "Kulikoni?" Ukimwambia mwanzoni kabisa kwamba ni saa 1, ikikatika hakuna wa kununa.

Mwanzisha mada
Hii naipeleka kundini: saa 8 siku za safari tu, ya kudumu kila mtu na nduguze. Kama kuna aliyeijaribu na kundi la watu wengi, aseme kabla sijapigisha kura.