Naomba ushauri: nitapimaje upatikanaji wa deikea (vituo vya kulelea watoto mchana) za bei nafuu katika kaunti nzima ya Nairobi?

Katibu wa Kikundi
Ndugu zangu, kikundi chetu cha akina mama kinakusudia kuiandikia serikali ya kaunti kuhusu malezi ya mchana ya watoto ambao hawajafikia umri wa kuingia PP1, darasa la kwanza la chekechea. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti jukumu la vituo vya kulelea watoto, na Nairobi ilitunga sheria yake mwaka 2017. Ninapanga kuhesabu vituo vilivyosajiliwa katika kila moja ya kaunti ndogo 17, kisha nivilinganishe na idadi ya watoto ya sensa ya 2019. Je, hilo linatosha?

Mlezi wa Mukuru
Halitoshi, dada. Deikea nyingi za huku kwenye mitaa ya mabanda ni chumba kimoja cha mabati ndani ya ploti, hazina kibao wala cheti, na wanaozijua ni majirani, mwenye kioski na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Anza na wahudumu hao. Tafadhali usiingie kama mkaguzi, kwa kuwa mlezi anayehofia kufungiwa atakuficha idadi ya watoto, na idadi hiyo ndiyo inayoonyesha kama mtoto analelewa au anawekwa tu.

Mwalimu wa Chekechea
Sensa iliigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, si 17, kwa hiyo oanisha mipaka kwanza. Ukiona deikea chache South B, usikimbilie kusema ni upungufu, kwa sababu familia nyingi za huko huajiri yaya.

Kuhusu bei, usiulize ada ya mwezi. Mama anayefua nguo za watu hulipwa kwa siku, na siku aliyokosa kibarua hubaki na mtoto wake. Muulize jana alipata shilingi ngapi, alimlipa mlezi ngapi, na kama uji ulikuwa ndani ya bei hiyo. Uliza pia saa za kufungua, maana anayeingia zamu ya alfajiri Eneo la Viwanda hawezi kungoja mlango wa saa moja na nusu.

Katibu wa Kikundi
Nashukuru sana. Waraka uwasilishwe lini?

Mwalimu wa Chekechea
Kabla ya Februari 28, siku ya mwisho ya kufikisha mkakati wa fedha wa kaunti katika bunge la kaunti. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30, na wakati huo viwango vya matumizi huwa vimekwisha kupangwa.