Tumeuziwa vijiji vya kale vya Wasami, tukaishia kuzungushwa kwenye barafu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kama unajipanga kwenda Lapland, kaskazini mwa Ufini, msimu huu, soma kwanza kabla hujatoa hela.

Tangazo lilisema wazi: pikipiki za theluji, kuvuka Ziwa Inari likiwa limeganda, kupita kisiwa cha Ukonsaari ambako Wasami wa zamani, wenyeji wa asili wa huko, walitoa sadaka, kisha kijiji cha Nellim kusikiliza historia ya Waskolti, ambao ni tawi la Wasami. Hicho ndicho nilicholipia, na bei yake si ya kitoto. Familia nzima tulitoka Helsinki kwa ajili hiyo.

Tulichopewa ni kelele za injini. Ziwa lile lina visiwa zaidi ya 3,000 na hatukutajiwa hata kimoja. Jamaa wa kutuongoza katangulia anakimbiza, sisi nyuma tunapigwa na theluji anayoitimua, kioo cha helmeti kimeganda kwa pumzi, huoni mbele. Nellim hatukufika kabisa. Kanisa la magogo la Waorthodoksi la mwaka 1987, ambalo picha yake imejaa kwenye tangazo, hatukuliona hata paa.

Tulisimama mara moja tu, kwenye hema, kula soseji na juisi ya moto. Hapo jamaa akavaa koti la bluu la mistari myekundu, eti vazi la Wasami, tupige naye picha. Lebo ya dukani inaning'inia kwenye kola! Binti yangu akamuuliza kwao ni wapi. Akasema yeye si wa huko, kaja kufanya kazi ya msimu. Nikamuuliza habari za Waskolti, akajibu hajui, tumalize soseji tuondoke.

Hajui! Watu waliopoteza kwao Petsamo, Umoja wa Kisovieti ulipoichukua mwaka 1944, wakaja kuanza maisha upya Nellim na Sevettijärvi. Wapo hadi leo, na lugha yao wanayo. Bunge la Wasami wa Ufini, lenye makao palepale Inari, lilitoa mwongozo wa utalii mwaka 2018 likipinga hasa mchezo huu wa wasio Wasami kuvaa mavazi yao kuvutia wateja. Kampuni ya Inari haiwezi kusema haikusikia. Mtanzania aliyewahi kuona asiye Mmasai akifungwa shuka mlangoni mwa hoteli ataelewa kwa nini nimechukia.

Tuliporudi wakataka kunikata hela kwa mkwaruzo wa pikipiki uliokuwepo tangu mwanzo. Bahati nilikuwa nimeupiga picha kabla ya kuwasha. Wakanyamaza.

Nimewaandikia, wanasema ratiba ilibadilika kwa hali ya hewa. Hali ya hewa gani? Anga ilikuwa safi, upepo hakuna. Suala nimelipeleka kwa huduma ya serikali ya ushauri kwa walaji. Nataka hela yangu, na zile picha za Nellim waziondoe.

Mlioko kaskazini, anayemfahamu mwongoza watalii ambaye ni Msami mwenyewe aniandikie. Binti yangu bado anataka kufika Nellim.