Mama anaenda kusaini hati ya uwakilishi mbele ya wakili, nimuandae vipi?

BintiWaMwisho
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa haraka. Mama yangu anataka kunipa hati ya uwakilishi nimshughulikie mambo ya kiwanja chake maana miguu inamsumbua, ngazi za maofisini haziwezi tena, keshokutwa tunaenda kwa wakili kugongewa muhuri. Hati ni kurasa nne, nimeshaprinti. Sasa jana nikamwambia mama tusaini kabisa tusipoteze muda kule, akasaini ukurasa wa mwisho. Leo mtu kaniambia nimeharibu, ni kweli? Halafu kitambulisho chake kina majina matatu ila kwenye hati nimeandika mawili, na maandishi madogo hayaoni vizuri. Usingizi sina.

KalamuNyeusi
Dada tulia, hilo linarekebishika. Ule muhuri hausemi kwamba yaliyoandikwa humo ni kweli, unasema huyu aliyesaini ndiye mwenyewe, ametambuliwa na amesaini kwa hiari yake. Kuna hati ambazo mtu akishasaini anaweza kwenda akakiri mbele ya wakili kwamba sahihi ni yake na ikapita, ila hati ya kiapo haina mjadala, unaapa na kusaini palepale. Usibahatishe, printi upya. Tena printi zote nne, usichomeke ukurasa mmoja mpya katikati ya za zamani, maandishi yakisogea kidogo tu mtu wa kaunta ataanza kujiuliza ukurasa umebadilishwa na nani. Majina andika yote matatu herufi kwa herufi kama kitambulisho kinavyosema, na la kwako vilevile.

MamaPacha
Naongezea, beba kitambulisho halisi, sio kopi wala picha kwenye simu, na uangalie kama hakijaisha muda. Nafasi zote jaza nyumbani, namba ya kiwanja nini nini, bakiza sahihi na tarehe tu. Pasipohusika piga mstari, nafasi tupu juu ya sahihi ya mtu ni hatari, mtu anaweza kujazia chochote baadaye. Na msifute kwa wino mweupe jamani, mimi niliwahi kufuta tarakimu moja tu nikarudishwa na hati nzima, na nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku hiyo. Ukikosea kata kwa mstari mmoja, andika neno lililo sawa pembeni, na wote wanaosaini waweke vifupisho vya majina yao hapo. Chini bakiza nafasi ya muhuri, ukigongwa juu ya maandishi hausomeki.

MzeeWaFaili
Binti, hayo wamekwambia vizuri, mimi nakuomba uangalie hilo la macho. Mama lazima ajue anachosaini. Ongeza ukubwa wa herufi, na msomee yote kwa lugha anayoielewa kabla hamjaondoka nyumbani. Wakili makini anaweza kukuomba utoke nje abaki na mama peke yake amuulize anampa nani madaraka gani, usichukie, anamlinda mama na anakulinda na wewe pia, kesho ndugu wakisema ulimlazimisha wewe ndiye utahangaika. Kwa sababu hiyo hiyo shahidi asiwe wewe unayepewa madaraka. Na mkono ukitetemeka siku hiyo kidole gumba kinatosha, ila mwambieni wakili mapema maana kuna maneno anaongeza kuonyesha kwamba alisomewa akaelewa.

Msafiri_wa_Kesho
Samahani naingilia, yangu inaenda kutumika nje ya nchi, muhuri wa wakili unatosha?

KalamuNyeusi
Mara nyingi hautoshi. Kama nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa 1961 unaomba apostili, ni cheti cha mraba kinabandikwa kwenye hati kuthibitisha sahihi na muhuri wa aliyekuthibitishia. Kama moja haimo basi utapitia wizarani kisha ubalozini. Waulize kwanza wanaoipokea.

BintiWaMwisho
Asanteni sana, Mzee umenisaidia kuliko unavyojua. Nimeprinti herufi kubwa sasa ni kurasa sita, jioni nikamsomea mama taratibu. Kufika ukurasa wa tatu akanishika mkono, "rudia hapo." Nikarudia, palikuwa pameandikwa kusimamia, kukodisha na kuuza. Akasema mwanangu mimi nimekwambia usimamie, kuuza sijasema. Mimi ile fomu niliikuta hivyohivyo wala sikupaona. Nimetoa neno hilo, naprinti tena asubuhi.

MzeeWaFaili
Msomee tena na hiyo mpya.