Mjadala: Kampuni ndogo ya mifumo ya mishahara ikitaka kudumu, ichukue fedha za mwekezaji au itegemee ada ya wateja?

Mwanzilishi, Mombasa
Ndugu zangu, tangu mwaka 2008 tuko watu wanne tunaotengeneza mfumo wa mishahara na hesabu kwa ajili ya hoteli ndogo, shule za binafsi na mawakala wa forodha hapa Pwani. Hatujawahi kuchukua fedha za mwekezaji. Mwezi huu amejitokeza mmoja anayetaka kununua sehemu ya kampuni kwa sharti kwamba wateja waongezeke mara tano katika miaka mitatu, na mwenzangu niliyeanza naye anataka tukubali. Mimi nasita. Zoho, kampuni ya India ya programu za biashara, ilianza mwaka 1996 kwa jina la AdventNet, na imefika ilipofika bila mtaji wa wawekezaji wa nje. Sisi nasi tumelishwa miaka yote hii na ada ya mwaka, ingawa hawakosekani wateja wanaotaka kununua programu kama wanavyonunua sufuria, yaani walipe siku moja na wasidaiwe tena. Je, kampuni ndogo inayotaka kudumu ikatae fedha za namna hiyo?

Mhasibu, Kariakoo
Suala la mwekezaji nawaachia wenye kampuni. Lililonichoma ni hilo la sufuria, kwa sababu mimi ni miongoni mwa hao unaowasema, na nina sababu yangu.

Mwaka juzi nilikuwa nikiandaa hesabu za duka moja la spea. Ada ya mfumo ilichelewa siku tisa, mfumo ukajifunga, nami nilikuwa nimebakiwa na siku mbili tu kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT. Mauzo yote, madeni ya wateja na orodha ya bidhaa zilizokuwa stoo, vyote vilikuwa humo ndani na sikuweza hata kuvisoma. Niliketi sakafuni na boksi la risiti za EFD, ile mashine ya kutolea risiti za kodi, nikizishika moja moja kwenye mwanga wa dirisha, maana maandishi ya karatasi zile hufifia, na pale jumla ilipokuwa imefutika niliitafuta kwa kuanzia kwenye ile asilimia 18 ya kodi iliyokuwa bado inaonekana chini. Sufuria haijawahi kumfungia mtu ugali wake ndani. Tally, mfumo wa hesabu, nayo ni ya India, tena ni ya zamani kuliko Zoho, maana ilianza mwaka 1986, na leseni yake unaweza kuinunua moja kwa moja, kisha ukalipia ada ya mwaka pale unapotaka maboresho. Mbona imedumu?

Karani wa Mishahara, Nakuru
Kaka Mhasibu, pole sana kwa yaliyokupata, ila mfumo wa duka na mfumo wa mishahara si kitu kimoja. Huku Kenya ile tozo ya nyumba inayokatwa kwenye mshahara, asilimia moja na nusu kama sikosei, ililetwa na sheria ya fedha ya mwaka 2023, Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, kisha Ijumaa moja ya Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa iendelee kukatwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchapisha hati za malipo za wafanyakazi 140. Nilimpigia simu mtengenezaji wa mfumo wetu Jumamosi saa mbili usiku, akapokea, na Jumatatu asubuhi makato yalikuwa yameondolewa.

Machi sheria mpya ikairudisha tozo ile ile. Oktoba NHIF, bima ya afya ya zamani, ikaondoka na SHIF, bima mpya, ikaingia, asilimia 2.75 ya mshahara wote badala ya madaraja tuliyoyazoea. Mwishoni mwa Desemba tukalazimika kuyatoa makato hayo mawili kwanza ndipo tukokotoe PAYE, kodi ya mshahara, na Februari, kama ilivyokuwa Februari mbili zilizotangulia, viwango vya michango ya uzeeni ya NSSF vikabadilika. Mfumo ulionunuliwa mara moja mwaka 2022 na kuachwa ulivyo ungekuwa unatoa hati za uongo. Ada ile namlipa mtu wa kupokea simu.

Mtaalamu wa Mifumo, Arusha
Naomba turudi kwenye swali. 37signals, kampuni ya programu ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 1999, ilimuuzia Jeff Bezos wa Amazon sehemu ndogo mwaka 2006, na bado ikaendelea kuwa kampuni ndogo. La kupima ni sharti linaloambatana na fedha. Mara tano katika miaka mitatu maana yake ni kuajiri wauzaji kabla ya kuajiri wapokea simu anaowasifu Dada Karani.

Mwanzilishi, Mombasa
Nashukuru, hilo nitalirejea. Kwanza nimjibu Mhasibu, kwa kuwa ametutia sote kapu moja. Sijawahi kumfungia mteja kumbukumbu zake. Ada ikikoma, mfumo wetu huacha kukokotoa mwezi mpya, lakini miezi yote iliyopita husomeka na huweza kuhamishiwa Excel. Nami niseme langu: niliwahi kuitwa kwa mteja aliyelipia leseni moja, nikakuta inatumika katika matawi sita, imebebwa kwa flashi kutoka tawi hadi tawi. Ni wahasibu wanaofanya hivyo, kisha tunaambiwa ada ni unyonyaji.

Mhasibu, Kariakoo
Sasa umenivika wizi wa mtu nisiyemjua. Neno unyonyaji sikulitumia mahali popote. Katika miaka 22 ya kazi hii sijahamisha programu ya mtu kwa flashi, na nakuomba uyafute maneno yale. Tena nikuulize: hiyo ruhusa ya kuhamishia Excel imeandikwa kwenye mkataba, au ni hisani yako? Yule aliyenifungia naye alikuwa muungwana sana kwenye simu.

Mwanzilishi, Mombasa
Nayafuta, na nakuomba radhi. Kwenye mkataba haimo.

Mstaafu wa Benki, Tanga
Wanangu, mmebishana juu ya ada na flashi, na hakuna aliyeuliza ni nani kati ya hao wanne anayeujua mfumo wote. Zamani nikiwa kazini tulinunua mfumo mdogo wa mikopo kwa kijana mmoja hodari mno. Alipofariki tuliendelea na kompyuta ile ile kwa miaka mitano, tukiogopa hata kuizima, na juu yake tulibandika karatasi iliyowakataza wafagiaji wasiguse waya. Ada tulikuwa tumelipa yote. Nakala ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, hatukuwa nayo, wala hakuna wakili aliyetutunzia.

Karani wa Mishahara, Nakuru
Swali la Mzee limenitia hofu. Yule anayepokea simu yangu Jumamosi usiku, sijui kama ana msaidizi.

Mwanzilishi, Mombasa
Mzee wangu, anayeujua wote ni mimi. Mwenzangu anaujua upande wa hesabu, ule wa mishahara hajawahi kuugusa, na maelezo yaliyoandikwa ni ya mwaka 2015, kabla ya tozo ya nyumba na kabla ya SHIF. Mwekezaji nitamwomba asubiri. Mwisho wa mwezi huu mwenzangu ndiye atakayeketi kwenye kompyuta na kuendesha mishahara ya wateja wote, nami nitakaa pembeni yake bila kugusa kitu, nikiandika kila mahali atakapokwama. Mhasibu, kifungu cha kumbukumbu za mteja nitakiandika wiki hii, na naomba ukisome kabla hakijaenda kwa wakili.

Mhasibu, Kariakoo
Nitumie. Taja humo idadi ya siku ambazo kumbukumbu zitaendelea kusomeka baada ya ada kukoma. Bila idadi hiyo, kifungu chako hakitanisaidia ikifika tarehe 18.