Cro Cop: kijana wa shoto aige teke au aige hatua?

Shoto wa Sakina (Arusha)

Wadau, habari za jioni. Kuna chalii hapa Arusha, kilo 103, urefu sentimita 187, mtu wa shoto. Ametokea kwenye ngumi na mateke na sasa anataka kuingia MMA, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na mchezo wa chini. Muda wote anaangalia mapambano ya Mirko Filipović, yaani Cro Cop, mpiganaji wa Kroatia, na mazoezi yake yote yamegeuka teke la kushoto la kichwani. Begi halipigi pengine, ni juu tu. Ukimwekea mtu wa mieleka, teke la kwanza likikosa yuko chini tayari.

Naomba kujua: Cro Cop alihamaje kutoka K-1, mashindano ya Japani ya ngumi na mateke, bila kumezwa na watu wa mieleka? Lile teke linajengwaje hasa? Na kwa nini Japani alitisha, halafu UFC, ligi ya MMA ya Marekani, mambo yakamgeuka? Nataka majibu ya kufanyia kazi ukumbini, ushabiki tuuweke kando.

Kona ya Mbuyuni (Moshi)

Mkuu, mwambie huyo kijana aanzie 1996, asianzie kwenye video za nokauti. Cro Cop aliingia K-1 Machi 1996 akampiga Jérôme Le Banner kwa pointi, na miezi miwili baadaye Ernesto Hoost akamsimamisha. Akarudi tena 1999, akafika fainali ya Grand Prix, mashindano ya mtoano, Hoost yuleyule akamwangusha kwa ngumi za mwilini. Mwaka 2000 akapoteza kwake mara ya tatu. Hoost alikuwa anamsoma, anamlipa kila teke kwa teke la paja, na anampiga mwilini mpaka mikono inashuka. Kwa hiyo alipogusa MMA Agosti 2001 alikuwa ameshapikwa na mabingwa miaka mitano. Jina lenyewe limetoka kazini kwake, kikosi maalumu cha polisi wa Kroatia. Sisi wa Moshi tuliokulia jirani na CCP, chuo cha polisi, tunaelewa ile nidhamu inatoka wapi.

Pambano la kwanza la MMA alikutana na Kazuyuki Fujita, mtu wa mieleka hasa. Fujita aliinama kumkamata miguu, akakutana na goti, uso ukachanika, pambano likasimamishwa chini ya dakika moja. Hapo ndipo pa kujifunza. Aliyezoea ngumi na mateke anatakiwa awe na jibu moja la uhakika kwa mtu anayeinama, kabla hata hajafikiria teke la kichwa. Kwake lilikuwa goti na kutupa nyonga nyuma, yaani kurusha miguu nyuma na kumlalia anayeinama.

Baadaye alimchukua Fabricio Werdum amfundishe mchezo wa chini. Hakutaka kuwa fundi wa kabali, ingawa 31 Desemba 2004 alimpiga kabali Kevin Randleman ndani ya sekunde 41, baada ya Randleman kumzimisha kwa ngumi Aprili ya mwaka huohuo. Alichokwenda kukitafuta ni vitu vitatu: asiangushwe, akiangushwa asitulie, na akishindwa kuinuka amshike mtu asipate nafasi ya kupiga wala kuvunja mkono. Bado hata hicho kilimshinda mbele ya Antônio Rodrigo Nogueira, Novemba 2003, Tokyo Dome. Raundi ya kwanza ya dakika 10 alimtesa, mwishoni akamwangusha kwa teke la kushoto, lakini raundi ya pili akapelekwa chini na mkono ukanyongwa kwenye kiwiko. Hazikuisha dakika mbili za raundi hiyo.

Huyo wako wa kilo 103, mgawie wiki hivi: siku tatu za kusimama, tatu za mieleka na mchezo wa chini. Hata kama hataki.

Mzee wa Pedi (Ngaramtoni)

Nijibu la teke, kwa sababu hapo ndipo vijana wanaumia.

Kwanza muelewe kwa nini lilifanya kazi. Cro Cop ni mtu wa shoto, wapinzani wake wengi ni wa kulia. Shoto akisimama mbele ya mtu wa kulia, upande ulio wazi wa yule mtu ni wa kulia kwake, na ini liko hukohuko. Teke la kushoto likipita chini ya kiwiko linagonga ini moja kwa moja. Heath Herring, Juni 2003, alimalizwa na teke la mbavuni lililofuatiwa na ngumi, wala siyo la kichwa. Miezi miwili baadaye Igor Vovchanchyn aliokota la kichwa. Ndiyo mfuatano wenyewe: mbavu kwanza, kiwiko kishuke, halafu juu.

Kuna silaha ya tatu ambayo watazamaji wanaisahau, ngumi ya kushoto iliyonyooka. Bob Sapp, Machi 2003, aliangushwa na ngumi hiyo, mfupa wa jicho ukavunjika. Kwa hiyo mpinzani anapoona bega la kushoto linatikisika hajui kinachokuja: ngumi, teke la mbavu au la shingo. Huyo chalii anayepiga juu tu amejinyang'anya mwenyewe silaha mbili.

Namna ya kulipiga:

Mguu wa kulia, ulio mbele, utoke nje kidogo kwa mshazari, kama sentimita 30, uwe nje ya mguu wa mbele wa mpinzani. Vidole vielekee nje. Usipogeuza vidole, nyonga haifunguki, na kilo 103 zote zinalipindukia goti la mguu uliosimamia. Hapo ndipo kano za goti zinapokwenda. Kisigino kinyanyuke, uzungukie kwenye vidole.

Goti la kushoto lipande kwanza kwa kunyooka, kama unaelekea mbavuni. Mguu ugeuke mwishoni. Ukianza kuuzungusha tangu chini, mtu anakuona kutoka Kilombero. Mkono wa kushoto ushuke kwa nguvu pembeni ya paja kusaidia nyonga, wa kulia ubaki kwenye taya. Wengi wanashusha yote miwili, halafu wanapigwa ngumi ya kulia wakiwa juu ya mguu mmoja.

Kinachogonga ni ugoko, sehemu ya chini juu kidogo ya kifundo. Ukipiga kwa unyayo unavunja vidole kwenye kiwiko cha mtu. Sababu ni umbali: uko mbali mno, mguu unafika kwa ncha. Sogea nusu hatua.

Baada ya kugonga, mguu urudi nyuma ulikotoka. Usiuache udondoke mbele, maana ukidondoka mbele umesimama kama mtu wa kulia, miguu imekaribiana, na mtu wa mieleka anakusubiri hapohapo. Nadhani ndiyo shida ya kijana wako, tazama anapotua.

Mazoezi: raundi 5 za dakika 3, mara tatu kwa wiki. Raundi ya kwanza ni hatua ya mguu wa kulia tu, bila kupiga. Ya pili mbavu. Ya tatu ngumi ya kushoto halafu mbavu. Ya nne mshika pedi anaonyesha mbavu au shingo dakika ya mwisho kabisa, ili kijana azoee kuanza kwa namna moja. Ya tano, kila teke likigonga, mwenzake anaingia kumkamata miguu naye anatupa nyonga nyuma. Teke la kichwa kwa nguvu zote lisizidi 15 kwa siku hadi nyonga zifunguke, ukizidisha hapo kinena kinachanika na wiki sita zimekwenda.

Raundi ya Tatu (Arusha)

Shikamoo Mzee wa Pedi, umemaliza. Niongeze la Japani na UFC.

PRIDE, ligi ya MMA ya Japani alikotishia, ilipiganiwa kwenye ulingo wa kamba, wenye kona nne. Mtu akirudi nyuma, kona inamshika na Cro Cop anamfungia njia kwa hatua za pembeni. Raundi ya kwanza dakika 10, kwa hiyo alikuwa na muda wa kuwinda. Viwiko vya kichwani vilikatazwa. Kwa masharti hayo, 10 Septemba 2006, siku aliyotimiza miaka 32, aliwamaliza Wanderlei Silva kwa teke la kichwa na Josh Barnett kwa ngumi usiku mmoja, akachukua Grand Prix ya uzito huria.

UFC ni wavu wa pande nane, upana kama mita 9, raundi za dakika 5, viwiko ruksa. Kona hazibani, mtu anazunguka, na ukigusa wavu anakushikilia hapo na kukuangusha. Aprili 2007, Manchester, Gabriel Gonzaga alilikamata teke lake la mbavuni, akamweka chini, akampiga viwiko. Refa alipowainua wasimame tena, Cro Cop mikono ilishashuka kulinda mbavu, akapigwa teke la kulia la kichwani, dawa yake mwenyewe. Na asidanganyike mtu kwamba ni wavu peke yake. Fedor Emelianenko, Agosti 2005, alishamwonyesha kila mtu njia ndani ya ulingo uleule: mrudishe nyuma. Cro Cop akirudi nyuma hana teke, kwa sababu mguu wa kulia hauna pa kukanyaga.

Ninachompendea ni alichofanya baadaye. Machi 2013, ana miaka 38, alitwaa ubingwa wa K-1 Grand Prix mbele ya watu wake Zagreb kwa kumshinda Ismael Londt. Aprili 2015, Kraków, alirudiana na Gonzaga akamsimamisha raundi ya tatu, na aliyeanzisha maangamizi ni kiwiko wakiwa wameshikana. Alikuwa amejifunza silaha iliyomtesa. Lakini kijana aambiwe yote: mwishoni mwa 2015 alikiri kutumia homoni ya ukuaji akitibu bega, akafungiwa na wapimaji wa UFC. Baada ya hapo alishinda Grand Prix ya Rizin, ligi nyingine ya MMA ya Japani, 31 Desemba 2016, na alistaafu Machi 2019 baada ya kupatwa na kiharusi.

Shoto wa Sakina (Arusha)

Asanteni sana, kweli anatua mbele, nimeiangalia tena video yake. Sasa hatuna wavu, na begi letu ni la mchanga, goko zimevimba. Tufanyeje?

Kona ya Mbuyuni (Moshi)

Mchanga utoeni leo. Unashuka chini unakuwa jiwe, juu panabaki pepe, ndiyo maana kila mtu anapiga juu na akishuka anaumia. Shoneni begi la turubai nzito urefu wa mita 1.5 au zaidi, jazeni vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani, na mitumba iliyochoka. Toeni zipu na vifungo. Shindilia kila sentimita 20 kwa mti kabla ya kuongeza. Kwa mtu wa kilo 103 begi liwe kilo 50 hadi 60. Uzito ukipungua, wekeni mifuko midogo ya mchanga katikati kabisa, izungukwe na nguo pande zote, isikaribie ngozi ya begi.

Wavu: chagueni ukuta usio na dirisha, funikeni na magodoro ya sponji hadi mita 2, yafungwe kwa kamba juu na chini yasiteleze. Kijana aanze mgongo ukiwa ukutani, mtu amekamata mguu mmoja. Apitishe mkono chini ya kwapa la mwenzake, asukume kichwa chake kwa mkono mwingine, nyonga igeuke, atoke. Dakika 3, wanabadilishana, raundi 4. Sakafu ya saruji msifanyie hilo zoezi bila mikeka.

Mzee wa Pedi (Ngaramtoni)

Glavu za mazoezi ya kupigana ziwe wakia 16 na vikinga ugoko, nguvu nusu. Watu wa kilo mia hawahitaji zaidi ya hapo kuumizana. Akizimishwa mazoezini, hata kwa sekunde moja, aonwe na daktari na asipigane kwa siku 30 angalau. Ugoko uliovimba: barafu, pumziko, na usiusugue kwa chupa kama wanavyofundishana vijana.

Na hiyo raundi ya tano msiiruke.