Naomba ushauri: kumtembeza Kisumu dada yangu anayetumia kiti cha magurudumu

Habari zenu wadau. Dada yangu mdogo anakuja Kisumu mwezi ujao. Ni mchoraji, anapenda mno nguo na vyombo vya zamani, na anatumia kiti cha magurudumu. Sitaki abaki garini akisimuliwa tu.

Makumbusho ya Kisumu nimeyaweka mbele. Yalifunguliwa 1980, na ndani yake kuna Ber-gi-dala, boma la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mvua ikinyesha, vijia vyake vinapitika kwa kiti?

Kinachoniumiza kichwa ni soko la Kibuye. Jumapili ndiyo siku yake: mitumba humwagwa hadi kando ya barabara, na mwenye subira ya kupekua rundo hadi chini huibuka na koti la jinzi lililopauka vizuri au mkoba wa ngozi wa enzi zile. Lakini njia za katikati ni nyembamba, na wenye mikokoteni hawasubiri mtu. Nimpeleke asubuhi na mapema marobota yakifunguliwa, au siku ya katikati ya wiki ingawa uteuzi ni mdogo? Tuingilie upande gani?

Dunga, kule ufukweni mwa Ziwa Victoria, pia anaitaka, kwa ajili ya wafumaji wa mafunjo. Kuna fundi anayemkubali mgeni akae naye ajaribu kufuma, si kununua tu?

Na studio za wachoraji wetu, zipi ziko chini, zisizo na ngazi? Choo kinachoingilika nacho nitajieni, tafadhali.